Boga Linataka Nafasi

Boga si mmea wa mpangaji. Sukuma wiki unaweza kuipanda kwenye mkebe wa rangi, na siku mwenye nyumba akikufungia mlango, unaubeba mkebe unaondoka nao. Dania inakubali chupa ya maji iliyokatwa. Vitunguu vya majani havina neno hata kwenye beseni lililopasuka. Lakini boga, ukishalizika kwenye shimo lenye samadi, halikuulizi mpaka wako unaishia wapi. Baada ya wiki chache kamba zake zishavuka mlango wako, zishafika kwa jirani, zinapanda ua. Na tunda lenyewe linataka miezi mitatu minne ya kukaa chini bila kusumbuliwa. Anayepanda boga akingoja tunda anatamka jambo zito sana kwa Nairobi: miezi minne kutoka leo, mimi bado nitakuwa hapa.

Mimi nakaa Kawangware, mwendo mfupi kutoka steji ya 46. Nilikuwa nasomea historia chuoni mpaka karo iliponishinda mwaka wa pili, na tangu hapo naandika chochote kinacholipa: maelezo ya viatu vya mtandaoni, hotuba za arusi, ripoti za watu ambao hawana muda wa kuandika ripoti zao. Chuo nilikiacha lakini historia haikuniacha. Kuna swali moja limekuwa likinifuata kila nikitembea kutoka Kawangware hadi Kibera. Sokoni majani ya maboga yamejaa. Maboga yenyewe yanakuja kwa lori, yanauzwa kwa vipande. Kwa nini mitaani kwetu naona jani na sioni boga?

Jibu si la kilimo pekee. Ni la ardhi, na lina miaka zaidi ya mia.

Tuanze na mmea. Tumezoea kuuita wa kienyeji, tunauweka kapu moja na managu, saga na mrenda. Waluo wanayaita majani yake susa, Waluhya wanasema seveve, na boga lenyewe kwa Kikuyu ni irenge. Lakini boga ni mgeni. Asili yake ni Marekani ya Kati na ya Kusini. Huko Meksiko, kwenye pango la Guilá Naquitz jimboni Oaxaca, watafiti wamepata mbegu za boga zilizopandwa na binadamu karibu miaka 10,000 iliyopita. Wenyeji wa huko walilipanda pamoja na mahindi na maharagwe: mahindi yanasimama, maharagwe yanapanda juu ya mahindi, boga linafunika udongo usikauke. Vyote vitatu vilivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya 1492, na leo ukienda shamba lolote la Kakamega au Murang'a utavikuta pamoja vilevile. Mzaliwa wa Afrika ni kibuyu, yule binamu yake tunayemkausha tuweke maziwa au pombe. Boga lilikuja, likapewa nafasi, likawa la nyumbani. Kuna watu Nairobi ambao wangependa kutendewa vivyo hivyo.

Watu hao tunaweza kuanza nao Kibera. Jina la asili ni Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi wenyewe asili yao ni wanajeshi kutoka Sudan waliochukuliwa na Lugard mwaka wa 1891 baada ya kubaki bila mwajiri kule jimbo la Ikweta. Walipiganishwa Uganda, na jeshi la King's African Rifles lilipoundwa 1902 wakaingizwa humo. Mtu ukimtumia vita miaka yote hiyo, siku moja atazeeka na atataka pa kukaa. Kurudi Sudan hakukuwepo. Serikali ya kikoloni ikawatengea msitu ulio kusini-magharibi ya mji mchanga wa Nairobi. Eneo hilo lilipopimwa lilikuwa ekari 4,197.

Hapa ndipo kuna neno ambalo naona kila Mnairobi angepaswa kulijua. Wanajeshi wale hawakupewa hati ya ardhi. Walipewa pasi ya shamba. Ilikuwa karatasi ya ruhusa: wewe umetumikia jeshi miaka 12, basi unaweza kujenga na kulima hapa. Wakajenga, wakalima. Mpiga picha Mmarekani Greg Constantine alipokusanya picha za zamani za familia za Kinubi kwa kitabu chake cha 2011, watu wengi walishtuka kuiona Kibra yenye nyumba zilizoachana, miti na uwanda wa kijani katikati. Hiyo Kibra ndiyo ambayo boga lingetambaa bila kugonga ukuta wa mtu.

Lakini pasi si haki. Pasi inasema "tumekuruhusu", na aliyekuruhusu anaweza kubadilisha nia. Mwaka wa 1928 jeshi lilikabidhi eneo hilo kwa utawala wa kiraia. Tume ya Ardhi ya Kenya, ile ya Carter, ilipotoa ripoti yake ya miaka ya 1930, Wanubi walitazamwa kama watu wanaokaa kwa hisani ya serikali. Mkoloni akaondoka 1963, hisani ikabaki. Ardhi ya Kibra ikaendelea kumegwa: leo ukipita Jamhuri, Fort Jesus, Ayany, Olympic, Otiende au Ngei, unapita juu ya ile ramani ya ekari 4,197. Waliokuja kutafuta kazi mjini wakajenga katikati ya yaliyobaki, na kwa kuwa ardhi ilikuwa ya serikali, nao wakajenga bila hati. Mnamo Juni 2017 ndipo jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Piga hesabu. Ni chini ya asilimia 7 ya kile kilichopimwa mwanzoni. Na hizo 288 zenyewe zilikuwa zishajaa mabati mpaka hakuna pa kuchomeka jembe.

Sasa kuna hoja ambayo husikika sana, na mimi niliiamini kwa muda: shida ya Kibera ni hati. Wape watu hati, kila kitu kitanyooka, pamoja na bustani. Hoja hiyo inaharibika ukitoka Kibera ukavuka Ngong Road ukaja kwetu.

Kawangware hati zipo. Zimekuwepo kabla sijazaliwa. Jina lenyewe limebeba neno ngware, ambalo kwa Kikuyu ni kwale, yule ndege wa vichakani. Msitu upande ule, kwale upande huu. Nairobi yetu ya mabati imejengwa juu ya majina ya porini. Eneo zima la Dagoretti lilikuwa ghala la chakula. Misafara ya kwenda Uganda ilisimama hapa kununua mahindi, maharagwe na viazi kutoka kwa wakulima Wakikuyu kabla ya kuteremka Bonde la Ufa. Ndiyo maana Lugard alijenga boma lake Dagoretti mwaka wa 1890: alifuata chakula. Waiyaki wa Hinga aliyemkaribisha aliishia kukamatwa na Waingereza, akafariki Kibwezi mwaka wa 1892 akipelekwa pwani. Kwa maneno mengine, kabla ya kuwa na Nairobi, upande huu ulikuwa unalisha wageni. Leo unangoja lori la Wakulima Market.

Nini kilitokea? Katikati ya vita vya Mau Mau, mwaka wa 1954, serikali ilileta Mpango wa Swynnerton. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika vikaunganishwa, vikapimwa, vikaandikishwa. Kwenye makaratasi inapendeza. Lakini ardhi ya Wakikuyu haikuwa na mwenyewe mmoja kwa maana ya karatasi. Ilikuwa na mbari, na ndani yake mlikuwa na wake waliolima vipande vyao, na mlikuwa na ahoi: watu wasio wa mbari hiyo ambao waliombwa heshima tu, wakapewa pa kulima. Muhoi hakuwa na ardhi lakini alikuwa na shamba. Uandikishaji ulipokuja, jina moja liliingia kwenye hati, mara nyingi la mwanamume. Ahoi wakabaki bila chochote. Haki ya mama kulima kipande chake ikawa jambo la kutegemea moyo wa mumewe au mwanawe.

Kisha mji ukaja wenyewe. Mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa wakati wa uhuru, Dagoretti ikatoka Kiambu ikaingia jijini. Mwenye ekari mbili akagundua kwamba safu ya vyumba vya mabati inalipa kila mwezi, na mahindi yanalipa mara mbili kwa mwaka mvua ikipenda. Sitamlaumu. Akajenga safu moja, akaacha uwanja wa mboga. Wanawe wakagawana, wakajenga safu ya pili. Siku hizi safu hizo zinabomolewa na mahali pake yanasimama magorofa yanayoangaliana dirisha kwa dirisha. Ploti ninayokaa mimi ina mwenyewe, ina hati, na haina udongo. Uwanja wote ni saruji, mpaka mvua ikinyesha maji yanatafuta mlango wa mtu.

Basi Kibera ilipoteza bustani kwa kukosa hati, na Kawangware ikaipoteza ikiwa na hati mkononi. Hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Hati inamjibu mtu mmoja tu: mwenye kumiliki. Haimjibu anayekaa. Na wengi wetu tunakaa tu. Sisi ndio ahoi wa leo, tofauti ni kwamba muhoi alikuwa anapewa shimo la boga, na sisi tunalipa kodi tarehe tano.

Watu hawakukubali kirahisi lakini. Nairobi imelimwa kimyakimya wakati wote. Taasisi ya Mazingira ilipofanya utafiti katika miji sita ya Kenya mwaka wa 1985, iligundua kwamba asilimia 29 ya familia zilikuwa zinalima sehemu ya chakula chao humohumo mjini. Mwanajiografia Donald Freeman akaandika kitabu kizima mwaka wa 1991 kuhusu wakulima wa Nairobi waliolima kando ya barabara, reli na mito, na wengi wao walikuwa wanawake. Walilima ambapo hakuna aliyewaruhusu. Hawakuwa hata na pasi. Sheria ndogo za mji, urithi wa mkoloni, ziliuona mhindi mjini kama uchafu, na kulikuwa na imani kwamba majani yake yanafuga mbu wa malaria. Kwa hivyo kanjo walikuwa wakija na panga wakati mahindi yameshaanza kutoa nywele, wanafyeka, wanaondoka. Mama alikuwa anapoteza msimu mzima kwa asubuhi moja.

Sheria imebadilika. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sheria ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini. Na kabla ya hapo, Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ilishasema kila mtu ana haki ya kutokaa njaa. Lakini karatasi inayokuruhusu kulima haikupi pa kulima. Tumerudi kwa pasi ya shamba, ila safari hii pasi ipo na shamba halipo.

Ndipo lilipokuja gunia. Baada ya uchaguzi wa 2007, Kibera ilifungwa na vurugu, reli ikang'olewa, vibanda vikachomwa, na bei ya chakula ikapaa. Mwaka wa 2008 shirika la Kifaransa la Solidarités lilianza kusambaza miche ya sukuma na spinachi ipandwe kwenye magunia. Namna yake ni rahisi: unasimamisha mkebe usio na kitako katikati ya gunia, unaujaza kokoto, unazungushia udongo na samadi, unauvuta mkebe juu, unajaza tena, mpaka gunia lote liwe na uti wa mgongo wa kokoto ambao maji yanapita. Kisha unatoboa matundu ubavuni, kila tundu mche. Eneo la mita moja linakupa mboga za familia. Mwaka huohuo vijana wa Kibera walisafisha jalala wakaligeuza shamba la mboga. Na corona ilipotufungia 2020, serikali nayo ikaanzisha kampeni ya bustani milioni moja za jikoni.

Mimi naliheshimu gunia. Limelisha watu. Lakini tusisahau gunia linasema nini: ni bustani ya mtu ambaye anaweza kufukuzwa kesho. Na ilitokea. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba, shule, makanisa, vyote vikalala. Maelfu ya watu walibeba walichoweza. Gunia la udongo uliolowa, manze, halibebeki.

Na boga? Boga liligoma kuingia kwenye gunia. Yaani linaweza kuota humo, lakini mizizi inabanwa na kamba zinashuka chini kutafuta ardhi. Halafu kuna jambo la ua. Boga lina maua ya kiume na ya kike kwenye shina moja. Ya kiume hutangulia, yana kikonyo chembamba. La kike lina kiboga kidogo chini yake. Yanafunguka asubuhi tu, na nyuki asipopita, kile kiboga kinageuka manjano, kinaoza. Katikati ya mabati, moshi na mtaro, nyuki ni wachache. Inabidi uamke mapema, uchune ua la kiume, uligusishe kwa la kike mwenyewe. Wahenga walisema ukipenda boga penda na ua lake. Huku kwetu si kupenda tu, ni kulifanyia kazi ya nyuki.

Mtu aliyenifungua macho ni mama mmoja wa Kibera, mwenye umri wa nyanya yangu, ambaye ana kipande chembamba cha udongo nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na mtaro. Kimejaa majani ya maboga. Nilimsalimia, nikamwuliza, "Shosh, haya maboga yatakuwa tayari lini?"

Akacheka. "Maboga gani, mjukuu wangu? Hii ni mboga. Nikingoja boga, wewe unajua nitakuwa wapi?"

Akanionyesha. Anapanda mbegu zimekaribiana kuliko inavyoshauriwa, kwa sababu hangoji tunda. Wiki ya tano au ya sita anaanza kuchuna ncha changa, na kila ncha ikikatwa shina linachipua mbili ubavuni. Anamenya nyuzi za kwenye vikonyo kwa kucha, anakatakata, anachanganya na mrenda na kunde, anatia magadi kidogo, baadaye maziwa. Ya ziada anafunga mafungu anauza jioni. Kuhusu mtaro alikuwa mkali kuliko afisa yeyote wa afya: maji ya pale hayagusi majani yake, anamwagilia ya kusuuzia nguo. Ana haki ya kuogopa, maana maji ya mitaro yetu yana vimelea, na udongo wa kando ya barabara unaweza kubeba risasi.

Nilipoondoka pale swali langu lilikuwa limejibiwa. Jani ni zao la mtu asiye na uhakika. Boga ni zao la mwenye uhakika. Ndiyo maana soko la Kawangware lina mlima wa seveve na susa za mitaani, na boga linatoka mbali kwa lori. Si kwamba watu wa mjini wamesahau kulima. Wanajua kabisa kilimo cha mahali pao, na wamekipunguza kikatoshana na muda ambao mji unawapa. Wiki sita, basi.

Nasikia mipango mingi ya kuboresha mitaa. Mwaka wa 2009 watu wa Soweto Mashariki walihamishiwa magorofa ya Lang'ata wakingoja mtaa wao ujengwe upya. Magorofa mengine yanaendelea kupanda kila upande wa jiji. Nyumba ya mawe yenye choo na maji ni jambo jema, na atakayeniambia nitamani mabati kwa sababu ya mboga nitamwomba tubadilishane keja. Lakini kila nikiona ramani za majengo hayo naona maegesho ya magari ya watu wasio na magari. Sijaona mahali palipoandikwa udongo. Kipande kimoja tu, cha pamoja, ambacho mpangaji anapangiwa pamoja na chumba chake na hawezi kunyang'anywa mavuno yakiwa chini, kingetosha kuanzia. Ahoi walikuwa na hilo bila mwanasheria.

Mbegu zangu sita nilipewa na shosh, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Mwenye ploti nimeshamwomba kile kipembe kilicho nyuma ya tangi la maji, mahali pekee ambapo saruji imepasuka. Amesema atafikiria.